Nyota kwenye Nyumba ya Tisa-B

Kila asubuhi Sekela alikunywa chai yake peke yake, akimsikiliza Msalimu akipita ukumbini. Roboti huyo alisoma orodha ya nyumba za jengo, akachagua nyumba moja moja kwa jina lake, akamjulia hali mwenyeji, kisha akapeleka habari kwa majirani. Tangu aletwe, watu wa maghorofa ya Loleza, juu ya mji wa Mbeya, walikuwa wameacha kubishiana hodi.

Leo sauti yake ilikatika ghafla. Sekela alifungua mlango. Jirani yake, Mzee Mwakipesile, aliyemzika mkewe siku tisa zilizopita, alikuwa ameweka kiti katikati ya njia na kukikalia.

"Hupiti," alimwambia roboti. "Hata paka wa Tisa-A anasalimiwa. Mimi wa Tisa-B je?"

"Nyumba hiyo haipo," alijibu Msalimu kwa adabu.

"Haipo! Aliyekufa ni mke wangu. Mimi bado nakula ugali."

"Shikamoo, baba," Sekela alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hili dude si lako? Liulize."

Lilikuwa lake, yeye ndiye aliyeandika maagizo yake. Alifungua kishikwambi. Kamati ya jengo, kwa desturi yao, ilikuwa imeongeza alama ya nyota kwenye jina la nyumba yenye msiba, ili majirani waende kumfariji mfiwa. Lakini kwa Msalimu nyota ni amri, si sehemu ya jina. Alishindwa kuisoma, na Sekela alikuwa amemwagiza kwamba asichoweza kukisoma akiruke kimyakimya. Majirani nao, kwa kukosa habari, walidhani mzee anataka kuachwa peke yake.

Sekela aliweka mstari wa mshazari mbele ya nyota, alama ya kumwambia roboti: hii isome tu, usiitii. Ilichukua sekunde tatu.

"Shikamoo, Mzee Mwakipesile. Umeamkaje?" Msalimu aliuliza.

Mzee aliinuka. Alibeba kiti chake, akageukia mlango wake.

"Baba," Sekela aliita. "Kosa ni langu. Na si la mashine tu. Ukuta wetu ni mwembamba, nilikusikia ukilia siku zote tisa. Nilitaka kuja kukaa nawe. Niliona haya kubisha hodi."