Mwanakondoo Ametajwa Mara Moja

"Swali la kwanza," Kalamu alisema. "Mto katika ubeti wa pili umepewa tabia gani?"

"Tashihisi hiyo, mpenzi. Hata aliyelala darasani anaiona." Vina alipuliza chai yake. "'Mto waniita kwa jina nililoficha.' Tangu lini mto ukawa na mdomo? Mshairi ameuazima wa binadamu."

Majina hayo walibatizwa na wanafunzi: Kalamu kwa wino wake mwekundu usio na huruma, na mchumba wake kwa kughani mashairi mpaka kwenye foleni ya chakula. Wote walifundisha fasihi, meza zao zilitazamana, na harusi yao ilikuwa mlangoni. Idara yao ina desturi moja: aliyetunga maswali ya mtihani haandiki majibu. Mwenzake ndiye huyaandika, ili ijulikane kama maswali yanajibika. Safari hii mtungaji alikuwa Kalamu, na shairi alilichagua jana, baada ya kupokea simu fulani.

Lilikuwa shairi la mchungaji aliyeachiwa kundi la kondoo wa watu, akalitelekeza akaenda kujistarehesha. Kurudi, mwanakondoo amezama. Tangu hapo kilima kinamgeuzia mgongo, upepo unamsengenya, mto unamwita.

"Kwa nini mshairi ahangaike na vilima na mito? Si mchungaji angesema tu, 'nimekosa'?"

"Hapo ndipo penye utamu!" Vina alichangamka, akavuta kiti. "Mto haujui kitu, Kalamu. Kilima hakijali. Hatia ni yake, ila hana ubavu wa kuitamka, basi anavitwika vilima viseme. Mwanafunzi akijibu hivyo, mpe zote."

Alikuwa mahiri, hilo halina ubishi. Kalamu alimtazama akiandika, akisubiri hasira imjie. Haikuja. Tangu baba yake azikwe, kifua chake kilikuwa na ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Hata makaburini hakulia, na majirani walilisema hilo mpaka wakachoka.

Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, fundi cherehani anauliza, gauni liburuze chini au likomee kwenye visigino?"

"Nitakupigia, shangazi."

"Kila siku nitakupigia! Bibi harusi gani wewe? Utadhani anayeolewa ni jirani!"

"Baadaye kidogo, shangazi."

Akakata, akarudi kwenye karatasi.

"Swali la mwisho. Je, mchungaji huyu anajuta kweli? Thibitisha kwa kutumia takriri."

Vina hata hakufikiri.

"Hajuti! Angalia anachokirudiarudia: mto, kilima, upepo, mto tena. Mwanakondoo je? Ametajwa mara moja tu, kule mwanzoni, basi. Anayejuta humtaja aliyemkosea. Huyu anajionea huruma mwenyewe."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Haya. Nisimulie ile siku uliyoahidi kumpeleka baba hospitali."

Vina aliacha kuandika, akachukua kikombe chake.

"Tena? Si nilishakueleza? Gari liliniharibikia njiani. Mkanda ulikatika, mvua ikaanza, fundi wa magari akachelewa, gari likagoma kuwaka, na simu nayo ikazima chaji..."

"Na baba?"

"Baba... kafanyaje?"

"Umetaja gari, mvua, fundi, gari tena. Kila ukisimulia ni hivyo hivyo. Baba yangu humtaji."

Kikombe cha chai kilibaki katikati ya safari, hakijui kiende mdomoni au mezani. Nje mtunza bustani alikuwa anafagia majani bila haraka.

"Mwalimu wa muziki alinipigia jana," Kalamu aliendelea kwa sauti ile ile ya kusoma maswali. "Alikuwa analia. Anasema gari lilikuwa zima, limeegeshwa kwake, nanyi mko chumbani. Simu yako iliita, jina la baba likatokea. Akakwambia pokea. Ukaigeuza kifudifudi."

"Kalamu..."

"Baba alikuwa getini kwenye kiti chake, amevaa koti. Jirani alitaka kumwitia teksi, akakataa. Akasema, 'Mkwe wangu yuko njiani.' Akaanguka pale pale, anakusubiri."

Vina alipiga magoti kati ya meza mbili.

"Nisamehe. Ilikuwa siku ile tu, nakuapia. Shetani alinipitia."

"Sasa umemleta na shetani."

"Basi nitukane! Nipige! Usinitazame hivyo."

"Nimejaribu kukasirika tangu jana. Sipati kitu."

Alivuta karatasi ya majibu, akaipitia jibu moja baada ya jingine, akitia tiki nyekundu kila mahali. Yalikuwa sahihi yote. Chini aliandika alama zote, akavua pete, akaiweka juu yake ili karatasi isipeperuke. Kisha akachukua mkoba na simu.

"Shangazi, mwambie fundi aache kushona."

"Haa! Kulikoni tena?"

"Nakuja nyumbani. Nitakueleza."

Getini, kiti cha baba kilikuwa palepale, hakuna aliyethubutu kukiondoa. Kalamu alikaa, akatazama barabara upande ambao gari lingetokea. Barabara haikumwita. Upepo haukumsengenya mtu. Kila kitu kilikuwa kimetulia, hakina habari naye.

"Baba," alisema, kujaribu tu.

Sauti ilitoka kavu. Akarudia, "Baba." Ya tatu hakuimaliza, machozi yalikuwa yameshafika.