Yoke Peng wa Ndani ya Miwani

"Samahani dada, naweza kuuazima uso wako?"

Yoke Peng, gauni la njano, bilauri ya maji ya miwa mkononi, alicheka mbele ya umati wote wa duka kubwa moja kisiwani Penang. "Kaazime wa mkeo!"

"Sina mke. Nina miwani tu."

Huyo ndiye Boon Keat, mtunzi wa hadithi za miwani, zile ambazo ukivaa miwani tu unajikuta umo ndani yake, unatembea na wahusika. Yoke Peng akakubali uso wake uwe wa mhusika; Keat akampiga picha kila upande, akarekodi na sauti yake. Mwezi haukuisha, wakawa wanapigiana simu mpaka chaji inakwisha.

Siku ya onyesho la hadithi hiyo, Keat alimvisha miwani mwenyewe. "Usiogope, laazizi."

Yoke Peng akajikuta ukumbini, mapazia meupe, vijiti vya udi vikifuka. Akachungulia ndani ya jeneza. Aliyelala humo ni yeye, na gauni lake la njano. Alipiga yowe, akaivua miwani.

"Umeniua, Keat!"

"Ni picha tu, mpenzi. Hukulala wewe pale."

"Na bahasha nyekundu iko wapi?"

Jamani, sisi Wachina wa Penang, hata anayeigiza maiti kwa dakika moja hupewa bahasha nyekundu yenye pesa, ya kufukuza mkosi. Huyu Keat alidhani kwa kuwa hakuna aliyelala, hakuna wa kumpa. Msomi mzima!

Wiki hiyohiyo nusura pikipiki imgonge Yoke Peng. Akawa anaogopa barabara, anaogopa hata usingizi. Simu za Keat hapokei. Siku ya tisa akapokea.

"Nimeibadilisha, mpenzi. Hufi tena. Njoo uone, nakuomba."

Alikwenda kwa sababu alimpenda, basi. Keat akampa bahasha kwa mikono miwili, kisha akamvisha miwani. Jeneza likafunguka. Yule Yoke Peng wa humo akaketi, akatabasamu. Keat wa humo akapiga goti, pete mkononi.

"Utakubali nikuoe?"

"Nakubali, Keat."

Sauti ilikuwa yake kabisa, na yeye hakuwa amefumbua mdomo. Akaivua miwani taratibu. Mbele yake Keat alikuwa amepiga goti kweli, na pete ya kweli.

"Nani amekujibu?"

"Wewe... nilitaka usikie jibu lako linavyopendeza."

"Na kama ningekataa?"

Keat akacheka kidogo. "Humo ndani hukatai."

Machozi yalimtoka Yoke Peng. "Nilikuja nimeshaamua kukubali, Keat. Sasa nakuogopa."

Akaweka miwani juu ya meza, akatoka.