Aliyepanda Haraka

Mwaka ule wa tisini na saba mwalo wa wavuvi wa Kibirizi ulijaa watu kuliko dagaa. Katika msukumano huo Spesiosa alikanyagwa mguu na kijana aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni.

"Pole, dada. Mzigo huu haunipi nafasi ya kutazama chini."

"Na macho nayo umeyafungia humo mtungini?"

Kijana akacheka. Alikuwa Telesphory, mpiga mbizi wa kukamata samaki wa mapambo wanaopelekwa Ulaya. Tangu hapo hakupita soko la Ujiji bila kununua maandazi ya Spesiosa, mkimbizi wa Burundi aliyeishi kwa baba yake mdogo, Mzee Ntakarutimana, mlokole wa kweli kweli. Baba mzazi wa Spesiosa pombe ilimuua, na binti alikwisha apa kwamba hataolewa na mlevi.

"Kule chini kabisa hewa ya mtungi inalevya," Telesphory alimwambia siku moja. "Naona samaki wananisalimia."

"Hewa inalevya! Sema gongo tu, mukunzi wanje, mpenzi wangu."

"Ukipanda kidogo unapona. Ila ukipanda haraka, hewa inatoa mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Hapo utayumba hata nchi kavu."

Spesiosa alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Hakuamini hata neno moja.

Siku ya posa Mzee alitaka wageni saa nane kamili. Saa nane hiyo hiyo Telesphory aliingia na suti ya kijivu, tai imekwenda upande, ulimi mzito. Akayumba, akaangukia sinia la wali.

"Mlevi, nyumbani kwangu!" Mzee alifoka. Walokole wakarudi nyuma, hakuna aliyemsogelea hata kumnusa.

"Spe... miguu..."

"Toka! Na ulevi ukiisha, usirudi!" Spesiosa alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, huku aibu ikimliza.

Jioni Dismasi, mwenzake wa kazi, alileta habari: Telesphory ameokotwa njiani, Kasingirima. Hospitalini hapakuwa na mashine ya kutibu maradhi yale ya mapovu mwilini.

Spesiosa akamwinamia kitandani. Pumzi yake ilinukia dawa ya meno, basi.

"Ulijua hatari. Kwa nini ulipanda haraka?"

"Tajiri wangu wa kazi alinizamisha asubuhi bila kunipa taarifa. Niliogopa mzee wako atasema nimechelewa."

Alimlilia kifuani. Mlangoni Mzee Ntakarutimana alisimama, kofia mkononi.

"Posa nimeipokea, mwanangu. Nisamehe."

Telesphory aliomba anyanyuliwe, apate kumwamkia kwa heshima. Spesiosa akamshika kwapani, akamwinua. Miguu ikabaki pale pale ilipokuwa.

"Shikamoo, baba," akasema.