Mistari Miwili ya Siku ya Nane

Jioni ile nilitoka kununua vidonge vyangu vya homoni, basi. Lakini mimi na subira hatujawahi kukaa nyumba moja. Muulizeni mume wangu. Mimi fundi cherehani, nguo ya mteja naijaribisha hata pindo sijakunja. Nikamwambia muuza dawa, "Niongezee na kipimo cha mimba."

Ilikuwa siku ya nane tangu niwekewe mbegu kliniki. Mara ya nne hiyo, na daktari alishasema mayai yangu yanaishia, hakutakuwa na ya tano. Miaka tisa ya ndoa... nilishachoka kushona nguo za watoto wa wenzangu.

Siku ile ya kuwekewa, nesi alinipa masharti nikiwa bado nimelala kitandani. Nisibebe vitu vizito. Nisioge maji ya moto sana. Nisimeze dawa ya maumivu bila kuuliza.

"Na usipime kabla ya siku ya kumi na nne, dada. Ile sindano ya kupevusha mayai inadanganya kipimo. Utaona mimba ambayo haipo."

Kisha akafunga mlango, akaniinamia sikioni.

"Ukishindwa kuvumilia ukapima... usimwite mtoto."

"Kwa nini?"

"Wewe usimwite tu."

Nilicheka. Jamani, nilicheka!

Basi niliporudi nyumbani na kipimo changu nikajifungia bafuni, nikapima. Mistari miwili! Nikakaa sakafuni nalia na kucheka kama mwehu. Nikashika tumbo, maneno yakanitoka yenyewe.

"Mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Njoo, mama yako nipo."

Mlango wa bafuni ukagongwa. Mara tatu... kimya... mara moja.

Nikadhani mume wangu karudi. "Nani?"

"Mimi, mama," kikasema kisauti cha mtoto. "Si umeniita?"

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapenya chini ya mlango. Sikufungua. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta palepale, nimekumbatia ndoo. Mlangoni hakukuta mtu.

Tangu siku hiyo, ikawa kila jioni. Mlango wowote ambao nipo nyuma yake. Tatu... kimya... moja. Mume wangu hasikii kitu. "Ni homoni hizo, mke wangu," ananiambia, ananichemshia chai.

Siku ya kumi na moja nikapima tena kwa siri. Mstari mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa wa sindano, umeshafutika.

Kumbe nilimwita asiyekuwepo.

Sasa ni nani aliyeitika?

Siku ya kumi na nne nilikwenda kliniki roho mkononi. Wakanitoa damu. Nesi akarudi na karatasi, meno yote nje.

"Hongera, dada! Safari hii imeshika kweli."

Nikamrukia shingoni. Akaninong'oneza, "Hukumwita mapema, eti?"

Ningekiri vipi, siku ya furaha kama ile?

"Sikumwita."

"Afadhali. Anayeitika kabla mtoto hajakuwepo, huyo si wako. Na haondoki. Anasubiri aingie wa kweli, kisha anadai nafasi."

"Na akidai... mtu anafanya nini?"

Tabasamu likamfutika. Akaniangalia tumbo, akaniangalia usoni. Akageuka, akaita mgonjwa mwingine.

Masharti mengine yote nimeyashika. Sijanyanyua hata ndoo ya maji. Lakini mwanangu wa kweli sijawahi kumwita, hata kwa kunong'ona. Wenzangu wanaimbia matumbo yao, mimi nimefumba mdomo. Naogopa ataitika yule. Na kila jioni anagonga, nami najaza pamba masikioni, nalia.

Jana mimba ilitimiza miezi mitano. Jioni ikaingia. Nikasubiri, pamba mkononi.

Mlango ukanyamaza.

Ikapita saa nzima. Nikasema ahsante Mungu, amechoka, ameenda zake. Nikaegemea bega la mume wangu, naye akaweka kiganja juu ya tumbo langu kama afanyavyo kila siku. Mara akashtuka.

"Anacheza! Mke wangu, mtoto anacheza!" Machozi yakamtiririka mtu mzima yule.

Nami nilimsikia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza.

Tatu...

Kimya...

Moja.