Shikamoo ya Elinami

Mwaka ule wa mgao wa umeme, rafiki yangu Elinami, msomi wa kijiji cha Akheri, aliingia sebuleni gizani akaiamkia redio ya betri akidhani ni mgeni: "Shikamoo, mzee." Mkewe Anneth alicheka hadi akakaa chini. Sauti ilikuwa ya kaseti tu: marehemu mwalimu wa Elinami, Mwajemi, akisoma riwaya ya kwao, ambayo msimulizi wake hukatiza hadithi na kumgombeza msomaji. Kesho yake Elinami angetetea tasnifu yake, kwamba msimulizi huyo ni ufundi wa lugha tu, hamsikii mtu.

"Una hakika, baba Hope?" Anneth akamchokoza.

Elinami akaizima redio, akaisogelea kifua mbele. "Niitikie basi, kama unasikia. Shikamoo, mzee."

Mvua iliyokuwa ikipiga bati ikanyamaza.

"Marahaba," sauti ileile ya mwalimu ikajibu. "Sasa nyamaza, nimalizie."