Mwewe Juu ya Kiyoyozi Kibovu

Kila alasiri, akishatoka shule, akala na kubadili sare, Chiriku alipanda ngazi kwenda studio ya picha ya mama yake mdogo, ghorofa ya tatu. Alifagia, akapangusa vumbi kwenye taa, kisha akawaelekeza wateja wa picha za pasipoti: "Kidevu juu kidogo. Usicheke." Jina la Chiriku alibandikwa na wenzake darasani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku moja alifungua pazia la dirisha la nyuma, maneno yakamkauka. Ng'ambo ya ua, kwenye ukuta wa jengo la pili, kulikuwa na kiyoyozi kibovu, na juu yake mwewe wawili walikuwa wakipanga vijiti. Dume aliweka kijiti. Jike akakitazama, akakitoa, akakiweka upande mwingine.

"Kama mama anavyomhamishia baba viti," Chiriku alinong'ona.

Mama mdogo alikuja kutazama, akacheka kimyakimya. Akatoa kabatini kamera yake ya zamani yenye lenzi ndefu.

"Chukua. Lakini hawa si wateja wetu, huwezi kuwaambia wainue kidevu. Utakaa nyuma ya pazia, ufunge mdomo, ungoje mpaka watake wenyewe."

Kufunga mdomo! Kwa Chiriku hiyo ilikuwa adhabu. Mwanzoni alipata picha za mkia, picha za ukuta, na nyingine za ukungu mtupu. Polepole akajifunza kutulia. Alimwona jike akiatamia mayai huku mvua ikimpiga mgongoni, asisogee hata unyoya. Makinda walipoanguliwa, weupe kama pamba, alimwona akiwatandazia bawa kuwakinga na jua, yeye mwenyewe akihema mdomo wazi. Alimwona dume akishuka kati ya nyaya za umeme kama jiwe lililotupwa, asiguse hata waya mmoja, kisha akipaa tena na panya kwenye kucha. Chiriku alitaka kupiga kelele za furaha; akauma kidole.

Chini uani, fundi cherehani alifuga kuku. Vifaranga vyake vikaanza kupungua, naye akapandwa na hasira.

"Mwewe ni mwizi tu, hata ukimpiga picha ya pasipoti!" alifoka. Akamtaka msimamizi wa jengo akiangushe kile kiota kwa mti mrefu.

Msimamizi alikuwa mama asiyependa kukata shauri kwa kusikia upande mmoja. Aliwaita wote wakutane uani Jumamosi. "Na wewe Chiriku, lete picha zako. Hakuna aliyewatazama ndege hawa kukushinda."

Ijumaa jioni Chiriku alizipitia picha zake. Panya. Panya. Mjusi. Panya mnono wa jalalani. Kisha mkono ukasita. Mwewe alikuwa akipaa kutoka uani, mabawa yamekunjuka, kila unyoya ukionekana. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Na kwenye kucha kulikuwa na kifaranga cha manjano.

Kidole kilisimama juu ya kitufe cha kufuta. Nje, makinda walikuwa wakililia chakula.

"Mama mdogo, nikiifuta hii, nani atajua?"

Mama mdogo alikuwa akikata picha za mteja kwa mkasi.

"Wewe utajua. Kesho utakwenda kuwaonyesha watu au kuwaficha? Mimi sikuamulii."

Chiriku aliitazama tena ile picha. Akazima kamera bila kufuta kitu.

Jumamosi, picha zilionyeshwa kwenye kompyuta ya studio, mezani pale uani. Panya walivyozidi kupita, msimamizi alitikisa kichwa. "Kumbe ndiyo maana panya wa stoo wametulia!"

Fundi alikunja mikono. "Na vifaranga vyangu je? Viliota mabawa?"

Chiriku alisogea karibu na kompyuta. "Hapana, baba. Kimoja hiki hapa. Ni kweli, mwewe alikichukua." Akaifungua picha.

Fundi alisogeza miwani, akainama, akatazama weee. Hatimaye akanyoosha kidole, si kwa mwewe, bali chini, pembeni mwa picha.

"Hilo si banda langu? Mbona wavu umefumuka hivyo?"

Wote waligeukia banda. Wavu wa juu ulikuwa umeachana, unaning'inia.

"Mshonaji mzima!" mkewe akadakia. "Unashona suruali za mtaa wote, wavu wako unakushinda!"

Watu wakaangua kicheko, na fundi naye hakuweza kujizuia. Msimamizi akaamua: wavu ushonwe, na kiota kisiguswe mpaka makinda waruke. Fundi aliushona siku ileile kwa uzi wa viatu, na vifaranga havikupungua tena.

Makinda walipojaribu mabawa yao, fundi aliacha cherehani akasimama uani, mkono juu ya macho, akipiga mluzi wa kuwashangilia. Baadaye akapanda studio.

"Nichapishie picha moja, niitundike dukani."

"Ya kinda akiruka?" Chiriku aliuliza.

"Hapana, ile ya kifaranga changu." Fundi akamwekea mkono begani. "Mwanangu, ungeniletea panya watupu, ningesema umenichagulia, na nisingeamini hata mmoja. Uliponionyesha na ile iliyokuumiza, nikaziamini zote. Ukweli ni kama kitambaa: ukificha kipande kimoja, nguo haimkai mtu."