Majeruhi-Bandia wa Mvule wa Tatu

Haya niliyapata kwa Mwanahawa mwenyewe, mjane wa Kondo, Jumatano iliyofuata mashindano, tumekaa kibarazani kwake tunachambua kisamvu. Hakuyasema kwa mkupuo mmoja. Alisema kidogo, akachambua, akasema tena. Mimi nimeyaunga tu.

Jumamosi ile, saa mbili za asubuhi, Kisarawe nzima ilikuwa imesimama chini ya mvule wa tatu, shingo juu, ikimtazama nyani-chuma akipanda na mtu mgongoni. Nyani-chuma ni mashine ya mikono sita, kila mkono una kucha za kushika gome. Alipanda bila kuhema mpaka kwenye panda ya juu, kimo cha nyumba ya ghorofa kumi, akamning'iniza yule mtu kwa mkanda, akashuka. Mtu akabaki juu analia.

Sasa yule hakuwa mtu. Alikuwa majeruhi-bandia. Ngozi yake ya mpira ina joto, kifua chapanda na kushuka, mshipa wa shingo unadunda, na pajani ana kidonda kinachovuja maji mekundu. Ndani ya tumbo lake mna mfuko wa hayo maji. Yakiisha, kifua kinasimama, na hapo amekufa. Kazi ya mshindani ni kumpandia, kumfungua na kumshusha kabla hajafa. Lilikuwa shindano la mwisho siku hiyo, na ndilo lililokuwa linaogopwa.

Asiyeujua mji wetu nimweleze. Joto lilipozidi kwenye nyumba hizi ndefu, ilitoka sheria ya kivuli, kwamba kila mtaa uwe na miti yake mikubwa. Miti ikapandwa, ikakua, ikataka kupogolewa. Wakapogoa watu kwanza, halafu wakaletwa nyani-chuma, na wapanda miti wenye leseni, waliokuwa mia nne, wakabaki thelathini. Kazi iliyowabakia ni ile mivule mizee ya upande wa Pugu tu. Nyani-chuma ni mzito. Hukanyaga tawi lililooza kwa ndani kwa kuwa nje limemdanganya. Binadamu hugonga kwa kisigino cha panga, husikiliza, hujua. Mwaka huu wakubwa wa mji wakatangaza: jozi moja tu itakayoshinda ndiyo itapewa mivule hiyo, miaka kumi. Wengine wote Jumatatu warudishe mikanda yao.

Mwanahawa alikuwa anaongoza. Akimshusha yule majeruhi-bandia mzima, mivule ni yake.

Nimesema jozi kwa sababu kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja yuko juu, mwenzake yuko chini ameshika kamba. Wa chini huitwa Shina. Wa juu, hata kama wanaonana macho kwa macho, hashuki kwa kamba mpaka aulize, "Shina, upo?" na ajibiwe, "Nipo." Na wa juu akiumia, Shina huvaa mkanda wa akiba akamfuata. Hilo halikuandikwa popote. Ni ada yao.

Shina wa Mwanahawa alikuwa Mihayo, na kabla ya hapo alikuwa Shina wa Kondo. Kondo Mzaramo wa hapa hapa, Mihayo Mnyamwezi wa Urambo. Watani hao, tena watani wa kweli, hawakuwahi kuitana kwa jina. Kutwa kuchwa "mtani" huku na "mtani" kule. Kondo alikuwa na neno lake moja, kila akipanda lazima alitupe chini: kwamba babu zake Mihayo walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, kwa hiyo na yeye siku akichoka atabebwa. Mihayo hujibu kwamba pembe zilikuwa na faida.

Miaka mitatu iliyopita tawi la mvule lilikatika likamrudia Kondo. Mihayo ndiye aliyeleta habari. Alisema ilikuwa saa tano kasoro, tawi limempiga kichwani, likambana paja, na hapo hapo akakata roho, hata neno hakusema. Watu walishika hilo kama mtu ashikavyo fimbo kwenye utelezi. Hakuteseka. Mama Kondo, mzazi wa marehemu, alikuwa akilirudia peke yake jikoni. Na siku ya kuondoa tanga Mihayo, kwa haki yake ya utani, alivaa kofia ya marehemu, akatembea kama Kondo, akasema lile neno la pembe za ndovu kwa sauti ya Kondo hasa, mpaka mjane akacheka huku anafuta machozi. Ndiye aliyemwambia baadaye, shemeji, panda wewe, nitakushikia kamba kama nilivyomshikia yeye. Na kila Ijumaa, miaka mitatu, hakukosa kuja kumwona Mama Kondo na fungu lake la samaki, akisema amefuata urithi wake.

Basi Mwanahawa akapanda. Dakika nne alikuwa kwenye panda, ameweka mkono kifuani pa majeruhi-bandia. Akaanza kumfungua kulabu.

"Shina, upo?" majeruhi akauliza.

Hakushtuka. Alijua hivi vitu vinasema. Kofia za wapanda miti zina kinasa-sauti ndani, na watengenezaji huyachukua maneno ya watu walioumia kweli wakayatia kwenye midomo ya mpira, ili mwokoaji ajifunze mtu mwenye maumivu anavyosema, asifundishwe na maigizo. Sauti hubadilishwa, majina yote hufutwa, ndugu wasije wakamtambua mtu wao. Huyu alipewa sauti laini ya kijana, kama msoma taarifa ya habari.

Akasema mguu umebanwa. Akasema hauhisi. Akaomba maji. Kisha ile sauti laini isiyo ya mtu ikasema:

"Mtani, babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani. Wewe kunibeba mimi kutoka hapa tu ndiyo unashindwa?"

Mkono wa Mwanahawa ukabaki kwenye kulabu.

Unaona, mashine ilifundishwa kufuta majina. Ingekutana na Mihayo ingemfuta. Lakini mtani si jina, na mashine haikuwa na wa kuiambia kwamba kwa watu wawili hawa hapakuwa na jina jingine.

Alijaribu kujizuia, kaniambia. Alijiambia watani ni wengi nchi hii. Majeruhi akaguna, akasema, "Hiyo adhana ya adhuhuri, mtani. Nimekusubiri tangu saa tano."

Kutoka saa tano kasoro hadi adhana ya adhuhuri. Hesabu hiyo haitaki shule.

Hapo ndipo alipoihisi kamba. Kamba yake ilishuka moja kwa moja mpaka mikononi mwa Mihayo, na Mihayo naye, kwa kile kisikizi cha sikioni, alikuwa anasikia kila neno linalosemwa juu. Kamba ilikuwa inatetemeka. Upepo haukuwapo. Mwanahawa akachungulia chini kati ya majani, akaona kofia ya njano imeinama, haimtazami.

"Mama asiambiwe kabla hajala," majeruhi akasema. "Ana sukari. Mwambieni Hawa ampe chakula kwanza."

Jina la Hawa, ambalo Kondo alimwitia mkewe, halikufutwa. Huenda mashine ilidhani ni Hawa wa Adamu, huenda iliteleza tu. Mwanahawa hajui, na mimi sijui.

Watu wa chini wakaanza kumhimiza. Maji mekundu yalikuwa yamebaki robo ya mfuko. Kazi yote ilikwisha. Lililobaki ni maneno mawili, aulize Shina yupo, ajibiwe, ashushwe, dakika moja wako chini na mivule yake. Akafungua mdomo. Maneno hayakutoka. Akajaribu tena. 

Basi akaifungua kamba ya Mihayo kwenye mkanda wake, akaiacha ianguke. Ikaanguka muda mrefu. Akamfunga majeruhi-bandia mgongoni kwa ubeleko wa kamba yake fupi, kama afungwavyo mtoto, akaanza kushuka kwa mikono, tawi baada ya tawi, anagonga, anasikiliza, anakanyaga. Waamuzi wakapiga filimbi. Hakusimama. Walipofika kwenye tawi la pili kutoka chini, kile kifua kilichokuwa kinampandia mgongoni kikasimama. Akaendelea kushuka naye.

Mivule wakapewa jozi iliyofuata, Chambuso na ndugu yake.

Mihayo alikuwa amekaa chini kwenye mizizi, kamba imemwangukia magotini. Mwanahawa akamlaza majeruhi-bandia kati yao, akavua kofia.

"Shemeji," Mihayo akasema, "ulikuwa umekwisha shinda."

"Adhana ilikukuta unafanya nini?"

Mwamuzi mmoja aliyekuwa anawajia akageuza njia.

"Nimeshika kamba," Mihayo akasema. "Miguu ilikataa. Nilikuwa sipandi tena tangu mwaka wa nyuma yake. Hatua tatu tu natapika. Kondo alijua, akanifichia, ningenyang'anywa leseni. Nikamwita nyani-chuma. Alikuwa Kibaha, akachelewa."

"Kina Chambuso walikuwa mtaa wa pili. Watu wanane, na mikanda yao."

"Ningewaita, wangejua."

"Wangejua nini?"

"Kwamba siwezi kupanda."

Mwanahawa akamtazama. Alikuwa anatafuta, kaniambia, ule uso wa Ijumaa, wa mtu mwenye fungu la samaki, na alikuwa nao, uso ule ule, hakuna kilichopungua.

"Lakini sikumnyamazia," Mihayo akasema. "Kila alipouliza Shina upo, nilimjibu nipo. Mpaka mwisho nilimjibu."

Mwanahawa akainuka. Anasema angemsamehe uoga. Yeye mwenyewe huogopa kila asubuhi kabla ya kisigino cha kwanza kugusa gome. Kilichomshinda ni lile jibu. Na zile Ijumaa mia na hamsini. Na yeye kucheka siku ya kuondoa tanga.

Akaenda nyumbani kwa miguu, na mkanda wake kiunoni. Mama Kondo alikuwa mkekani anamsubiri, akauliza kama wameshinda. Akajibiwa, ngoja nipike. Akapika wali, akaunga kisamvu kwa nazi, akakaanga na samaki wawili waliobaki wa Ijumaa. Kisha akawatazama wale samaki, akawatoa kwenye sinia akamwekea paka. Akamnawisha mkwewe, akakaa mbele yake.

"Mbona unanitazama nikila?" Mama Kondo akauliza.

"Kula, mama."

"Nimeshiba."

"Bado tonge mbili hapo."

Bibi akala tonge mbili. Akalamba kidole. Sinia likaondolewa, akapewa maji, akanywa vidonge vyake. Ndipo Mwanahawa akamwambia yote tangu mwanzo, saa tano, adhana, pembe za ndovu, bila kupunguza. La chakula akaliacha la mwisho.

Mama Kondo hakulia. Alikuwa anakunjua na kukunja pindo la khanga yake. Akauliza jambo moja tu, kama sauti ilikuwa ya Kondo. Akaambiwa hapana, ya kijana mwingine. Akatikisa kichwa, kama aliyerudishiwa nguo na kukuta si yake.

"Akija Ijumaa," akasema, "mpe kiti, mpe na maji. Samaki arudi nao. Asiniite mtani. Na wewe mwite Mihayo."

Akajilaza akaelekea ukutani. Mwanahawa akamfunika miguu, akakaa kusikiliza pumzi zake, kama asikilizavyo tawi, mpaka zikatulia na kuwa nzito. Akaosha sinia, akaosha sufuria. Jua lilikuwa bado liko juu, na mtu mwenye adabu zake halali alasiri. Akasema atanyoosha mgongo kidogo tu. Akajilaza chini kando ya mkeka wa mkwewe, mkanda bado kiunoni, mkono mmoja umeshika kulabu, akalala.